Vito vya Akiba

Mimi ni mtu wa kutunza. Nimelelewa hivyo, kwetu Makete, katika nyumba ambayo sofa zilikaa ndani ya nailoni miaka tisa, na vikombe vya maua vilikaa kabatini vikimsubiri mgeni mkubwa ambaye hakuwahi kufika. Tukilisogelea lile kabati, mama alikohoa tu, tukarudi nyuma wenyewe. Kwa hiyo ukinisoma hapa usidhani nilikuwa mtu mbaya. Nilikuwa nadhifu, na nilijisifu kwa unadhifu huo.

Mwaka 2013 nilipangiwa kuwa mganga mfawidhi wa zahanati moja mbele kidogo ya Kitahana, wilayani Kibondo. Jina lake silitaji, kwa sababu zahanati haikukosa, aliyekosa ni mimi. Tulikuwa watatu. Muuguzi wetu aliitwa Valeria, Mha wa Murungu, mama wa makamo asiyecheka ovyo wala kupandisha sauti. Mama Ntirampeba alifagia, akachemsha vyombo na kuwakaripia wagonjwa waliotema mate ukumbini. Wote wawili waliniita daktari. Mimi si daktari, ni tabibu, lakini sikuwasahihisha.

Jioni za kule ni ndefu kwa mtu aliyetoka mbali. Siku moja nilipokwenda Kibondo mjini, Mansuri, mwenye duka la simu, aliniuzia simu ya tachi na kunitilia gemu moja ndani yake bila kuniuliza. “Hii itakuondolea upweke, daktari,” alisema. Upweke haukuondoka, lakini gemu nayo haikunitoka.

Ni rahisi kuieleza. Kuna kijiji chenye lango, na barabara inayopindapinda kuelekea langoni. Majitu ya kijani yanakuja kwa makundi. Unajenga minara kando ya barabara, na minara inayapiga yakipita. Mimi niliiita madungu, kwa sababu ilifanana na vile vichanja virefu ambavyo Waha hujenga mashambani ili kuwafukuza nyani kwenye mahindi. Kila jitu likianguka unapata vito vyekundu, na kwa vito hivyo unaliongezea dungu zana. Dungu la upinde utalipa mishale mitatu badala ya mmoja. Ukiliongezea tena, gemu inakutaka uchague: ama mishale ifike mbali, ama itoke haraka, na ukichukua hiki, kile kinafungwa. Kuna dungu la mawe, na kuna la lami ya moto, ambalo haliui mtu bali linawanasa miguu wachelewe.

Vito usivyotumia havipotei. Vinaandikwa juu, pembeni kulia, kwa rangi ya dhahabu, na vinakufuata kila hatua. Niliipenda sana namba ile. Niliitazama ikipanda kuliko nilivyotazama lango. Majitu yakiingia kijijini nilishindwa, hatua ikaanza upya, na namba yangu ikabaki palepale, nzima, haijaguswa.

Siku moja mchana tulikuwa tumekaa kwenye benchi la ukumbini, wagonjwa wamekwisha. Valeria alikuwa anakula ugali na maharage huku akinichungulia.

“Daktari, mbona wanaingia tu, na wewe una vito vyote hivyo?”

“Hivyo ni vya mbele.”

“Mbele wapi?”

“Hatua ya thelathini na kuendelea. Kule kuna majitu makubwa.”

“Na hapa uko ya ngapi?”

“Ishirini na tisa.”

“Tangu lini?”

“Tangu Pasaka.”

Tulikuwa mwezi wa tisa. Valeria alinawa mikono, akaifuta kwenye kanga, akaichukua simu mikononi mwangu kama anavyochukua kipimajoto kwa mtu aliyekishika vibaya. Alitazama kundi zima likipita bila kugusa kitu. Kisha akaweka kidole kwenye kona ya mwisho, karibu na lango. “Wote wanapita hapa,” alisema. Akaweka lami pale, akaiongezea. Akaweka upinde mbele ya lami, akauongezea mara mbili. Gemu ilipomtaka achague, alichagua kasi.

“Chukua ya kufika mbali,” nilimwambia. “Ndiyo yenye sifa.”

“Ya kufika mbali ya nini, na wao wanakuja wenyewe?”

Hatua ya ishirini na tisa ikapita. Tarumbeta zikalia. Mimi niliona kitu kimoja tu: ile namba ya dhahabu, iliyokuwa zaidi ya elfu, imebaki arobaini.

“Umeniharibia!” nilisema, na nilikuwa nimekasirika kweli, mishipa ya shingo imenitoka.

“Umeshinda.”

“Vito vyangu vimekwisha!”

Alinitazama anavyomtazama mgonjwa anayeficha vidonge chini ya mto. Jioni ile niliiwekea simu yangu namba ya siri, nikaanza kukusanya upya, na nikakwama hatua ya thelathini kwa raha zangu.

Januari 2014 gari la wilaya lilituletea boksi la bluu. Ndani yake kulikuwa na ambu mpya, yaani kile kifuko cha mpira chenye barakoa ndogo, unachokiminya ili kumpulizia hewa mtoto aliyezaliwa bila kulia. Barakoa zilikuwa mbili, moja ya njiti na moja ya mtoto aliyetimia, na kulikuwa na kinyonyeo cha kutolea ute. Tulikuwa na ambu ya zamani, lakini ukingo wa barakoa yake ulikuwa umekauka na kupasuka, tumeuziba kwa plasta. Ile mpya ilikuwa laini, inang'aa, inanukia harufu ya dukani.

Nikaifungia. Nililichagua kabati la mninga lililokuwa ofisini kwangu, nikaliweka boksi juu kabisa, na kabla ya kulifunga nikalizungushia nailoni na gundi ya karatasi ili vumbi lisiingie. Sababu nilikuwa nazo tele. Mfawidhi aliyenitangulia aliandikiwa barua kali kwa sababu ya kipima presha kilichopotea. Wakaguzi walikuwa wanatarajiwa, na nilitaka wakute kitu kipya, wajue wamemkabidhi mtu anayejua kutunza. Ya zamani niliijaribu shavuni mwangu, ikatoa hewa. Nikasema inafaa.

Valeria aliniomba mara tatu. Mara ya tatu alimtaja mtu. “Epifania anakaribia, daktari. Tulitoe lile boksi.”

Epifania alikuwa mke wa Tharsisi, mkulima wa mihogo wa kijijini hapo. Mimba mbili zilikuwa zimefika miezi tisa na hakupata mtoto, wa kwanza alizaliwa nyumbani, wa pili hapo zahanati kabla sijafika. Wote wawili walizaliwa kimya. Hii ilikuwa ya tatu. Alikuja kliniki kila mwezi bila kukosa, kadi yake ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni, na kila nilipomsikilizisha mapigo ya moyo wa mtoto alisema maneno yaleyale: “Huyu nitamsikia akilia, daktari.”

“Wakaguzi wakishapita tutalitoa,” nilimjibu Valeria.

Mwezi wa tatu niliitwa semina Kasulu, siku mbili, kujifunza kujaza fomu mpya za taarifa. Niliondoka na funguo zangu zote mfukoni, kama kawaida yangu. Sikuwaza hata kidogo. Funguo ni za mfawidhi, na mfawidhi alikuwa mimi.

Siku ya pili, saa tano asubuhi, nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma ukumbini, simu chini ya meza, hatua ya thelathini. Namba yangu ilikuwa 1,940. Majitu yalikuwa yanaingia langoni, nami nayatazama. Jina la Valeria likatokea likafunika kila kitu. Nikatoka nje kupokea.

“Daktari, ufunguo wa kabati uko wapi?”

Nikapapasa mfuko. “Ninao.”

“Unao wapi?”

“Hapa. Kasulu.”

Nyuma yake nilimsikia mama Ntirampeba akisema kitu kwa Kiha, haraka haraka. Nilisikiliza kama kuna sauti nyingine. Haikuwapo.

“Epifania amejifungua,” Valeria alisema. “Mtoto hapumui. Barakoa inavuja, hewa haiingii. Nivunje kabati?”

Niliyosema baada ya hapo nimeyazungusha kichwani mara nyingi, nikiyatafutia maana nyingine, na hayana. Niliwaza kitasa. Niliwaza mali ya serikali, na barua ya maelezo, na wakaguzi kukuta mlango umening'inia. Nilisema, “Jaribu kwanza ya zamani. Ibane vizuri ile plasta.”

Simu ikakatika. Sijui ni mtandao au ni yeye.

Nilipata basi saa saba. Njia nzima sikuigusa simu isipokuwa kumpigia Valeria, na hakupokea. Nilifika alasiri. Mlango wa kabati ulikuwa chini, mninga wangu umechanika kwenye bawaba, na jembe la mama Ntirampeba limeegemezwa ukutani. Boksi lilikuwa sakafuni, nailoni yake imeraruliwa kwa meno, maana ile gundi yangu ilikuwa ngumu. Valeria alikuwa anaiosha ambu mpya kwenye beseni, taratibu, kila kipande peke yake.

“Nilikutii kama dakika mbili,” alisema bila kugeuka. “Halafu nikachukua jembe. Mninga ni mgumu. Nilipoipata, ilifanya kazi vizuri sana. Kifua kilipanda. Lakini tulikuwa tumechelewa.”

Akaikausha, akaiweka juu ya kitambaa. “Karibu, mfawidhi,” alisema, akatoka. Tangu siku ile aliacha kuniita daktari.

Kesho yake nilikwenda msibani. Walinipa kiti, mimi, kiti pekee chenye egemeo, na Tharsisi akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili akinishukuru kwa kutoka Kasulu kwa ajili yao. “Ni kazi ya Mungu, daktari,” alisema. Nikajibu, “Ndiyo, ni kazi ya Mungu.” Epifania alikuwa amekaa kwenye mkeka kati ya wanawake, kanga imemfunika mpaka kidevuni. Alinitazama, akasema asante kwa kuja. Nilikunywa chai yao nikiona aibu mpaka miguuni. Nilikuwa nimembebesha Mungu kabati langu, na watu wale walikuwa wananishukuru.

Kabati sikulitengeneza tena. Ambu niliiweka kwenye meza ndogo pembeni ya kitanda cha kujifungulia, juu ya kitambaa safi, barakoa ya mtoto aliyetimia juu, ya njiti chini. Nilifungua kila kilichokuwa kimefungwa katika zahanati ile, mizani, taa, hata mashuka mapya. Wakaguzi walipokuja waliuliza kuhusu mlango, nikawaandikia maelezo kwa mkono wangu: nilifungia kifaa cha dharura nikaondoka na ufunguo. Walisoma, wakanipa onyo, wakaondoka. Kuwaandikia wakubwa ukweli kulikuwa rahisi. Nyumba ya Tharsisi ilikuwa mwendo wa dakika kumi tu, na sikwenda.

Gemu niliifungua tena baada ya miezi miwili hivi. Namba ilikuwa palepale, 1,940, inang'aa. Nilifanya kama Valeria. Nililiacha kundi la kwanza lipite, nikatazama linapopita. Nikaweka lami kwenye kona ya mwisho. Nikaongezea upinde, nikachagua kasi, nikaendelea kutumia mpaka ikasomeka sifuri. Hatua ya thelathini, iliyonishinda nusu mwaka, ikapita mara ya kwanza, na lango halikuguswa. Tarumbeta zikalia chumbani kwangu nami nikalia pamoja nazo, mtu mzima, nimekaa kitandani na viatu. Vile vito vilikuwa vinatosha siku zote. Vilitosha hata siku ile ukumbini Kasulu, dakika moja kabla Valeria hajapiga.

Watoto watano walipuliziwa kwa ambu ile mwaka huo, na wote walilia. Sikuona raha niliyodhani ningeiona.

Februari 2015 Epifania akaja kliniki. Alinipa kadi yake, ndani ya mfuko uleule wa nailoni, na mimba ya nne ilikuwa na miezi mitano. Nilimpima. Nilitaka kumwambia, nikaona aibu, nikasema mwezi ujao. Mwezi ujao nikasema asije akapata mshtuko, presha ikapanda. Mwezi uliofuata nikapata sababu nyingine nzuri. Mazoea yangu ni yaleyale: hata ukweli wa mtu niliuweka akiba, nikisubiri siku inayofaa. Na yeye safari hii hakusema kwamba mtoto atalia. Alilala, akasikilizwa, akaamka, akaenda.

Alifika na uchungu mwezi wa sita, asubuhi ya saa nne, jua limekwisha kupanda. Tharsisi alibaki nje na mama Ntirampeba. Valeria alimlaza, akampima, akasema bado kidogo. Mimi nilikuwa naandaa nyuzi pale mezani. Epifania akageuza kichwa, akaitazama ile ambu juu ya kitambaa chake kwa muda.

“Daktari,” alisema. “Hicho ndicho kilichokuwa kabatini?”

Mikono ya Valeria ilisimama. Mimi nilikuwa na majibu matatu tayari, mazuri, ya kitabibu, yenye majina ya magonjwa ndani yake.

“Ndicho,” nilisema. “Nilikifungia mimi. Nilikuwa Kasulu na ufunguo mfukoni. Valeria alinipigia akaomba kuvunja, nikamwambia aanze na cha zamani. Nyumbani kwenu nilisema ni kazi ya Mungu. Haikuwa kazi ya Mungu, ilikuwa yangu. Nisamehe, Epifania.”

Uchungu ukamjia. Alifumba macho, akaushika ukingo wa kitanda, akasubiri upite. Ulipopita alivuta pumzi.

“Ego, ndivyo,” alisema. “Nilikuwa nimelala hapahapa. Nilisikia jembe linapiga mbao. Nikajua wanatafuta kitu kilichofungwa, na mwenye ufunguo hayupo. Nimekungoja unambie mwaka na miezi mitatu.”

“Ulijua, na ukarudi hapa?”

“Niende wapi? Valeria yuko hapa.” Akaitazama tena meza. Hakusema amenisamehe, na mpaka leo hajasema. “Kisogeze. Kikae hapa nikione.”

Nikaiburuta ile meza mpaka usawa wa kichwa chake, nikaigeuza barakoa imtazame. Aliigusa kwa kidole, mara moja, kisha akaendelea na kazi yake.

Mtoto alitoka saa tano na robo, wa kike, mlegevu, wa rangi ya bluu, kimya. Epifania alikuwa ameinua kichwa na hapumui na yeye. Valeria alimfuta mtoto, akamsugua mgongo, akanyoosha mkono pembeni bila kutazama, na mkono haukutafuta kitu. Barakoa ikakaa usoni. Akaminya mara moja. Mara ya pili kifua kikapanda, kidogo, kikashuka. Mara ya tatu, ya nne. Mimi nilikuwa nimeshika saa na sikuona mishale yake.

Kisha ikatoka sauti nyembamba, ya kukwaruza, kama mlango unaohitaji mafuta, ikakatika, ikarudi ikiwa kubwa, imekasirika. Nje Tharsisi alipiga kelele. Epifania hakuuliza ni wa kike au wa kiume. Alirudisha kichwa kitandani, akafumba macho, akasikiliza.

Valeria aliendelea kumkausha mtoto, mgongo wake umenielekea.

“Daktari,” alisema, “andika saa.”